Siku ya maratoni ya jiji kubwa: mwongozo kamili, kuanzia kuchukua namba hadi kushuka ngazi kesho yake

Mbio zangu kubwa za kwanza niliziharibu kabla sijapiga hatua hata moja. Nilikuwa nimetia jeli zangu nne, vile vipakiti vya wanga laini vya kumeza njiani, kwenye mfuko wa koti, koti nikalivaa hadi uwanja wa kukusanyikia, na muda wa kukabidhi mabegi ulipokaribia kwisha nikalivua harakaharaka, nikalikunja, nikalishindilia begini na kumpa kijana aliyekuwa juu ya lori. Lori likaondoka. Jeli nilizikumbuka nikiwa nimebanwa kwenye kizimba cha kuanzia, napapasa kiuno na kukuta hakuna kitu. Nilipofika kilomita ya 31 miguu iligoma, na miezi mitano ya kuamka alfajiri ikaishia katika kutembea kando ya barabara huku wengine wakinipita.

Ndiyo maana nayaandika haya. Mazoezi utayapata kwa makocha na vitabu vingi. Kinachosahaulika ni kazi nyingine ya siku hiyo: kuvuka jiji lililofungwa barabara zake, kupita katikati ya watu elfu arubaini au hamsini, na kusimama kwenye mstari ukiwa umekula, umejisaidia, una joto mwilini na vitu vyako vyote viko mahali pake. Kazi hiyo inapangika, na ukiipanga vizuri unabakiwa na kukimbia tu.

Namba yako

Katika maratoni nyingi kubwa namba haitolewi asubuhi ya mbio. Lazima uifuate mwenyewe siku chache kabla, kwenye ukumbi wa maonyesho, ukiwa na kitambulisho chenye jina lile lile ulilojiandikisha nalo. Kama umesafiri kutoka nchi nyingine, hicho ni pasipoti yako. Hakikisha barua pepe ya uthibitisho unaweza kuifungua hata bila intaneti, maana ndani ya kumbi hizo mtandao huzidiwa.

Nenda mapema, siku ya kwanza au ya pili ya maonyesho. Siku ya mwisho kila mtu yumo humo, na saa tatu za kusimama juu ya sakafu ya saruji huchosha mapaja kuliko unavyodhani. Chukua namba, hakikisha chipu ya kupima muda ipo (siku hizi mara nyingi imebandikwa nyuma ya namba yenyewe, hivyo usiikunje), tazama jina na wimbi lako, yaani kundi utakaloondoka nalo, kisha toka. Viatu vipya vinavyouzwa kwa bei ya punguzo vitazame kwa macho tu. Berlin mwaka 2015 Eliud Kipchoge alikimbia viatu vyake vikiwa na hitilafu: soli za ndani zilianza kuchomoka na kupigapiga kwenye vifundo vyake karibu njia nzima. Alishinda, kwa 2:04:00. Mimi na wewe kwa viatu visivyozoeleka tungeishia hema la huduma ya kwanza.

Jambo moja hufanywa na wachache: geuza namba ujaze sehemu ya nyuma. Kuna nafasi ya jina la mtu wa kupigiwa simu, maradhi uliyonayo, dawa unazotumia na usizopatana nazo. Andika kwa kalamu isiyofutika na maji. Mtu wa kupigiwa asiwe mwenzako anayekimbia mbio hizo hizo.

Hesabu saa kuanzia nyuma

Hapa ndipo penye uti wa mgongo wa siku nzima. Usijiulize utaamka saa ngapi. Anza na saa ya wimbi lako kuondoka, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewane kuhusu saa zenyewe. Waandaaji huandika 9:10, na sisi tunasema saa tatu na dakika kumi asubuhi. Unapompigia ndugu yako simu kumwambia mtakutana wapi, unapoweka kengele, unapoongea na dereva, ni rahisi sana kuchanganya hesabu hizo mbili, hasa ukiwa umechoka na safari. Chukua karatasi moja, andika ratiba yote kwa mtindo mmoja, na ushike huo huo.

Tuseme wimbi lako linaondoka saa 3:10 asubuhi. Kizimba kitafungwa dakika 20 kabla, yaani saa 2:50. Malori ya mabegi huondoka mapema zaidi, tuseme saa 2:20. Kabla ya begi unahitaji choo, na foleni ya choo isikupate na pungufu ya dakika 40. Kwa hiyo ufike uwanja wa kukusanyikia saa 1:20, ukiwa na dakika 20 za akiba. Safari ni dakika 50 siku za kawaida. Ongeza nusu saa kwa ajili ya treni kujaa hadi usipate pa kupanda, kwa ukaguzi wa usalama, na kwa matembezi ya kutoka kituoni ambayo ramani haiyaonyeshi vizuri. Unatoka mlangoni saa 12:00 kamili. Unakula saa 11:30 alfajiri na unaamka saa 11:00.

Mfano huo ni wa mji ambao mbio huanzia na kumalizikia karibu na katikati, kama Chicago inayoanzia na kuishia Grant Park. Kuna miji mingine ambako kufika tu ni safari kubwa. New York huanzia Staten Island, kwenye daraja la Verrazzano-Narrows, na watu hupelekwa kwa mabasi au kwa kivuko na kisha basi. Boston huanzia Hopkinton, mji mdogo ulio nje kabisa, na mabasi huwachukua wakimbiaji kutoka katikati ya Boston. Huko utakaa uwanjani saa mbili au tatu, pengine zaidi, ukisubiri. Unapochagua muda wa basi au kivuko chagua ule unaokupa nafasi ya kupumua, na ujiandae kusubiri kwa namna nitakayoieleza hapa chini.

Maratoni ya New York hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba, na usiku wa kuamkia siku hiyo Marekani hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe lakini saa ya ukutani ya hoteli haijirekebishi. Ukiamka usiku ukaitazama, unaweza kutoka mbio kitandani bila sababu. Weka kengele mbili, ya simu na nyingine ya kitu tofauti, na uamini ile ya simu.

Safari yenyewe ipitie kwenye ratiba ya usafiri ya siku hiyo. Jumapili treni za kwanza huchelewa kuanza, na baadhi ya vituo vilivyo kwenye njia ya mbio hufungwa kabisa. Teksi usiitegemee: barabara zimezibwa tangu alfajiri, na dereva atakushusha kilomita mbili kabla.

Jioni ya kuamkia mbio

Tandaza kila kitu sakafuni kana kwamba unamvalisha mtu aliyelala pale. Kofia kichwani, fulana yenye namba kifuani, mkanda wa jeli kiunoni, kaptula, soksi, viatu vyenye kamba zilizokwisha kulegezwa. Ukikitazama kivuli hicho utaona mara moja kilichopungua.

Namba ibandike jioni hiyo hiyo. Asubuhi vidole hutetemeka, chumba kina giza, na pini hupitiliza hadi kwenye ngozi. Vaa fulana kwanza, mtu akubandikie, au simama mbele ya kioo. Pini nne, moja kila pembe, na ziingie kitambaani zitokee kabla ya kufungwa, zisininginie. Kisha inua mikono juu, pinda mgongo, vuta pumzi ndefu. Kama namba inavuta fulana, ibandue uanze upya. Iwe mbele na ionekane, kwa sababu wapiga picha na mikeka ya barabarani inayosoma chipu huihitaji ikiwa wazi.

Jeli ziweke kwenye mkanda au kaptula utakayokimbia nayo, sasa hivi, kabla ya kulala. Mimi hiyo nimeilipia.

Kitu cha kutupa nacho kiwepo. Maana yangu ni nguo kuukuu usizozihitaji tena: sweta, suruali pana inayovulika juu ya viatu, kofia ya sufu, glavu za bei ndogo. Utazivaa hadi dakika ya mwisho na kuziacha kizimbani. Mbio nyingi hukusanya nguo hizo na kuzigawa kwa wahitaji, kwa hiyo zifue kabla ya kuzileta. Ongeza mfuko mkubwa wa takataka uliotobolewa shimo la kichwa na mawili ya mikono. Unazuia upepo na mvua, na unakunjika ukawa mdogo kama ngumi.

Chakula cha jioni kula mapema, wanga mwingi, mafuta kidogo, kitu ambacho tumbo lako limekwisha kukijaribu kabla ya mazoezi marefu. Usishibe kupita kiasi. Usingizi ukikataa, usihangaike nao. Uliolala usiku wa juzi ndio utakaokubeba zaidi. Lala chali, pumzisha miguu.

Asubuhi: tumbo na choo

Kula saa tatu hadi nne kabla ya kuanza. Kiasi kinachotajwa na wataalamu wa lishe ya michezo ni kati ya gramu 1 na 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako, katika saa moja hadi nne kabla ya zoezi, na kadiri unavyokaribia ndivyo unavyopunguza. Mtu wa kilo 65 anayekula saa tatu kabla anaweza kulenga gramu 130 hadi 195. Kama uwanjani utasubiri sana, gawanya: sehemu kubwa nyumbani, na kitu kidogo, ndizi au kipande cha mkate, saa moja na nusu kabla ya mwanzo. Kibebe mwenyewe. Usitegemee kinachogawiwa pale.

Maji kunywa kwa utulivu tangu unapoamka, kisha punguza saa moja ya mwisho ubaki na mafunda machache. Mkojo ukiwa na rangi ya majani makavu mepesi, umetosha. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba, umepitiliza, na foleni ya choo itakukumbusha.

Paka mafuta ya mgando kabla ya kuvaa: kwapani, mapajani kwa ndani, chini ya mkanda wa sidiria, katikati ya vidole vya miguu. Wanaume, chuchu zibandikwe plasta. Wanaume wengi huipuuza hiyo mara moja tu maishani, wakamaliza na mistari miwili ya damu kwenye fulana.

Dawa za maumivu usimeze "kwa tahadhari". Ibuprofen na jamii yake huongeza mzigo kwa figo ambazo siku hiyo tayari zinapungukiwa maji na damu. Kama una maumivu yanayohitaji dawa ili uweze kuanza, hilo ni swali la daktari, na liulizwe wiki moja kabla.

Uwanja wa kukusanyikia

Ukifika, ingia kwenye foleni ya choo kabla ya jambo lolote lingine, hata kama huhisi haja. Ukitoka, rudi mkia wa foleni. Sisemi hivyo kwa mzaha: dakika thelathini baadaye utakuwa mbele tena na utashukuru. Vyoo vilivyo karibu na lango hujaa. Tembea hadi safu ya mwisho, mbali, mara nyingi foleni ni nusu. Karatasi ya chooni iwe mfukoni mwako, kwenye kimfuko cha plastiki.

Mambo ya kukaa: tafuta pakavu, tandika mfuko wa plastiki, keti, miguu mbele. Kutembeatembea kwa saa mbili kutazama wengine kunakula nguvu uliyoitunza kwa wiki tatu. Ukiwa na viatu vya zamani vya kuvaa kwenye nyasi zenye umande, vyema, uvitupe pamoja na sweta. Hakuna kinacholeta malengelenge haraka kama soksi zilizolowa kabla ya kilomita ya kwanza.

Kabla ya kukabidhi begi, simama. Lipe dakika moja nzima. Gusa kwa mkono kimoja kimoja: jeli, namba, saa ya mkononi, miwani, dawa yako kama una pumu au kisukari. Ndani ya begi libaki lile utakalolihitaji ukimaliza, yaani nguo kavu za juu na chini, ndala au viatu vilivyolegea, kitu cha kula chenye chumvi, chaja. Begi lenyewe liwe lile walilokupa waandaaji. Tangu milipuko ya Boston mwaka 2013 ukaguzi umekuwa mkali, na maratoni nyingi hukubali mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo tu. Boston mabegi hupokelewa mjini, kabla hujapanda basi, hivyo nguo za kusubiria Hopkinton zote ziwe za kutupa. Baadhi ya mbio hukuchagulisha wakati wa kujiandikisha: kuacha begi, au kupewa joho la joto mwishoni na kutoka mapema. Kama kuna mtu wa kukusubiri na nguo, joho ndilo chaguo langu, maana foleni ya mabegi baada ya kilomita 42 ni ndefu kuliko zote.

Kizimba. Hicho ni eneo lenye uzio ambamo wenye mwendo unaokaribiana hupangwa pamoja, na kinafungwa kweli. Ukichelewa utapelekwa nyuma, na utatumia kilomita kumi kupenya katikati ya watu wa mwendo mwingine. Ingia mapema, simama upande wa pembeni, tikisa miguu. Nguo za juu zivue zikiwa zimebaki dakika tano, na uzirushe nje ya uzio, sio chini. Shati lililoachwa barabarani huzungukia vifundo vya mtu anayekuja nyuma.

Usihofu bunduki inapolia na wewe husogei. Kwa mtu wa nyuma huchukua dakika kumi, ishirini, kabla ya kufika mstarini. Muda wako unaanza chipu inapovuka mkeka.

Njiani

Kilomita ya kwanza ni ya uongo. Umepumzika, umati unapiga makelele, na mwendo ambao ni wa hatari unakuja wenyewe kana kwamba unatembea. Boston huanza kwa kuteremka, halafu vilima vya Newton vinakusubiri kati ya maili ya 16 na ya 21, wakati mapaja yamekwisha kupondwa na ule mteremko. New York hupanda daraja mara tu unapoanza. Baadaye, karibu na maili ya 15, unaingia Queensboro Bridge ambako hakuna watazamaji. Unasikia pumzi na nyayo tu, kisha unashuka First Avenue na ukelele unakupiga usoni kama upepo. Hapo watu huongeza kasi bila kujua, na Bronx, eneo linalofuata, huwadai. Lolote liwe jiji lako, jua ni wapi njia inadanganya.

Saa ya mkononi nayo haisemi kweli yote. Njia hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaoweza kukimbiwa, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Wewe unapinda kona kwa nje, unakwepa watu, na katikati ya majengo marefu setilaiti hupotea. Ukimaliza, saa itasoma karibu kilomita 42.6 badala ya 42.195. Fanya hesabu kabla: anayetaka saa nne kamili anahitaji dakika 5:41 kwa kilomita ya barabarani, lakini 5:38 kwa kilomita ya saa yake. Sekunde tatu zinaonekana kidogo hadi ukose lengo kwa dakika mbili. Bonyeza mwenyewe kwenye kila kibao cha njiani badala ya kuiachia saa, na kama kuna mstari uliochorwa barabarani, kama ule wa bluu wa London na Berlin, ufuate pale umati unapokuruhusu. London na miji ya Marekani huweka vibao vya maili. Maili moja ni kilomita 1.609, hivyo mwendo wa dakika 6 kwa kilomita ni dakika 9 na sekunde 39 kwa maili. Andika mkononi kwa kalamu.

Wadhibiti kasi wenye bendera mgongoni, wale wanaokimbia kwa mwendo uliopangwa ili wengine wawafuate, ni msaada, ila uliza wameanza wimbi gani. Aliyeondoka dakika nne kabla yako akiwa mbele yako kidogo, wewe unakwenda kasi kumzidi.

Kituo cha maji kina meza nyingi mfululizo. Wote hukimbilia ya kwanza. Ipite, nenda ya tatu au ya nne, mtazame machoni anayekupa, nyoosha kidole kwenye kikombe chake. Kikombe ni cha karatasi: kibane juu kwa kidole gumba na cha shahada hadi mdomo uwe mwembamba kama wa birika, halafu kunywa kwa pembe ya mdomo, funda moja, pumzi, funda la pili. Ukikitia mdomoni kikiwa wazi, nusu itaingia puani. Tembea hatua kumi kama ni lazima. Toka kwa kufuata pembeni, maana barabara imefunikwa vikombe vilivyolowa na huteleza.

Usinywe kila kituo kwa hofu. Wakimbiaji 488 walipopimwa damu mwishoni mwa Boston ya 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na dalili kubwa iliyoambatana nao ilikuwa kuongezeka uzito njiani, yaani kunywa kuliko kiasi kinachotoka. Hali hiyo huua. Kunywa unapohisi kiu, kidogo kidogo, na joto likipanda ongeza kwa kadiri ya kiu.

Jeli huanza kabla ya njaa. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli nyingi zina kati ya 20 na 30, kwa hiyo ni moja kila dakika 30 hadi 40, kuanzia dakika ya 40 hivi, ukiimeza karibu na kituo cha maji. Wenye matumbo yaliyofundishwa hufika 90. Ladha na chapa ziwe zile ulizozitumia mazoezini. Jeli inayogawiwa njiani iache, isipokuwa umekwisha kuijaribu.

Hali ya hewa ikigeuka, lengo ligeuke nayo. Chicago mwaka 2007 joto lilipita nyuzi 30 na waandaaji wakasimamisha mbio katikati. Boston 2018 ilikuwa mvua ya baridi na upepo wa mbele, na hata wakimbiaji wa kulipwa walijitoa. Ukisikia ubaridi wakati unatoka jasho, ukiacha kutoka jasho kabisa, ukianza kuyumba au kusahau uko kilomita ya ngapi, nenda hema la huduma ya kwanza lililo karibu. Maumivu ya kifua hayasubiri kilomita ijayo.

Na muda wa mwisho upo. Chicago ni saa sita na nusu, takriban dakika 9 na sekunde 15 kwa kilomita. Berlin ni saa sita na robo. Tokyo hufunga vituo vya njiani kimoja kimoja, na anayechelewa huingizwa kwenye basi. Kama wewe ni wa mwendo huo, kariri saa ya kila kituo.

Watu wako

Wape sehemu mbili tu za kukuona. Tatu ni nyingi, watashinda chini ya ardhi wakibadilisha treni. Wachague mahali pasipojaa: London kila mtu hujazana Cutty Sark na Tower Bridge, na mita mia nne mbele yake kuna nafasi. Mkubaliane upande wa barabara, kushoto au kulia kwa kufuata mwelekeo wa mkimbiaji, na wabebe kitu kirefu chenye rangi, kwa sababu wewe utawaona kabla wao hawajakuona. Wapakue programu ya maratoni ya kufuatilia namba, lakini wajue huchelewa, na mkimbiaji asiyeonekana kwa dakika tano hajapotea.

Mahali pa kukutana mwishoni pasiwe kwenye mstari wa kumalizia. Mbio nyingi huweka eneo lenye mabango ya herufi. Familia nyingi hukusanyika chini ya herufi za majina yaliyo mengi. Nyinyi chagueni X au Z mkae kwa nafasi. Semeni na saa, kwa kuwa simu zitagoma.

Baada ya mstari

Usisimame ghafla. Damu imejaa miguuni, na anayesimama wima papo hapo huweza kuanguka. Endelea kutembea polepole, pokea medali, jifunike blanketi la karatasi ya alumini au joho, chukua maji na chakula. Njia ya kutoka ni ndefu, wakati mwingine kilomita moja na zaidi, na hutaruhusiwa kurudi nyuma.

Badilisha nguo ndani ya dakika ishirini, ukianza na fulana. Mwili huacha kuzalisha joto mara tu unapotulia, na hata jua likiwaka utatetemeka. Kula kitu chenye wanga na protini unapoweza, hata kama hamu haipo, na maji yaende pamoja na chumvi. Kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, kuchanganyikiwa au vidole kuvimba saa kadhaa baadaye ni sababu ya kwenda hospitali na kusema wazi kwamba umetoka kukimbia maratoni. Mkojo wa rangi ya chai nyeusi ni sababu nyingine.

Usafiri wa kurudi upangwe kabla, ukiwa na tiketi mkononi, na kituo chenye lifti. Ndege ya jioni hiyo hiyo iache kama unaweza. Kama huwezi, omba kiti cha pembeni, inuka kila saa, chezesha vifundo. Malengelenge yasiyouma usiyatoboe. Na asubuhi inayofuata, ukifika kwenye ngazi, geuka, shika reli kwa mikono miwili, uzishuke kinyumenyume.